Kamba ya Kushoto, Kamba ya Kulia

Nyumbani kwetu Magongo, katika Changamwe, ndege hatuzitazami tena. Huja zikiteremka kuelekea Uwanja wa Ndege wa Moi, zikatikisa mabati, mazungumzo yakasita barazani, kisha zikapita na maneno yakaendelea pale pale yalipokatikia. Mgeni hushtuka. Mwenyeji humwambia, "Ndege hiyo," kisha akammiminia kahawa. Lakini siku hizi mimi ni kama huyo mgeni. Kila ipitapo moja huinua kichwa, wala sitazami madirisha wala rangi zake. Hutazama ncha za mabawa na hutazama mkiani. Sababu, wasomaji wangu, ni mpwa wangu, na sababu nyingine ni kosa la kalamu hii hii ninayoiandikia.

Mpwa wangu ni fundi wa magari. Hutengeneza malori yatokayo bandarini, na mikono yake haiishi grisi hata siku ya Idi. Jioni moja baada ya sala ya magharibi alinijia na bahasha iliyovimba makaratasi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona bahasha nene hivyo? Una kesi?"

"Si kesi, mjomba. Ni ndege."

Akanieleza. Kumbe ng'ambo watu huuziana ndege ndogo zikiwa vipande vipande ndani ya masanduku, na mnunuzi akaziunganisha mwenyewe katika banda la nyumbani, kwa miezi na aghalabu kwa miaka. Huko Marekani wana chama chao tangu mwaka 1953, na sheria ya huko yataka zaidi ya nusu ya kazi iwe imefanywa na watu wajengao kwa kujifunza na kujifurahisha, si na kiwanda. Yeye hajanunua hata bolti moja. Alichokuwa nacho ni maelezo ya Kiingereza ya sehemu moja tu, ile ya kuiongoza ndege, na alitaka kwanza kuijenga sehemu hiyo kwa mbao juu ya meza, aielewe. Fundi aliyemtaka amsaidie ni mzee wa Likoni, seremala wa madau, ambaye Kiingereza hakisomi. "Nitilie kwa Kiswahili, mjomba. Wewe ndiwe mwenye maneno."

Sisi washairi tuna udhaifu mmoja: ukituambia tuna maneno, kazi hatuikatai. Nikaipokea bahasha. Kesho yake dada yangu, mamake kijana, akaja mlangoni kabla sijanywa chai. "Kakangu," akasema, "wewe ndiwe wa kumkataza, nawe ndiwe umshikiaye taa. Akianguka huko juu, nitamlilia nani?"

Nilimjibu kwamba ni mbao na kamba tu juu ya meza. Hakunijibu, na kwa dada yangu kunyamaza si kukubali.

SI WAZIMU MTUPU

Msije mkadhani kijana wangu peke yake ndiye aliyeingiwa na jini hili. Mwaka 2010 habari za Gabriel Nderitu wa Nyeri, mtu wa kompyuta, zilienea ulimwenguni kwa kuwa alikuwa akijenga ndege uani kwake, na ndani yake ametia injini ya gari la Toyota. Wapo waliocheka. Na mwaka 2019 vijana 20 wa Afrika Kusini waliunganisha ndege ya viti vinne iitwayo Sling 4, iliyokuja katika masanduku, maelfu ya vipande, wakaimaliza kwa muda wa wiki tatu. Ikaruka kutoka Cape Town hadi Cairo, na njiani ikatua Zanzibar, katika pwani yetu hii hii. Waliocheka Nyeri sijui walisema nini siku hiyo.

Lakini kujenga ni jambo moja na kuongoza ni jingine, na hapo ndipo ilipo roho ya makala haya. Mtu akiota kuruka, huota mabawa. Waulize watoto wachore ndege: watachora mabawa, watachora madirisha, pengine na moshi nyuma. Hakuna achoraye kamba. Na historia ya kuruka ni historia ya watu waliokuwa na mabawa wakakosa kamba.

Katika karne ya 9, katika mji wa Kurtuba huko Andalusi, alikuwako mwanachuoni Abbas ibn Firnas. Al-Maqqari, mwandishi aliyekuja baadaye sana, asimulia kwamba alijivika manyoya na mabawa akaruka masafa, kisha akateremka vibaya akaumia mgongo. Na sababu waliyoitaja ni kuwa hakuzingatia kwamba ndege hutua kwa mkia wake. Mabawa alikuwa nayo. Mkia ndio uliosahauliwa. Miaka elfu moja baadaye Mjerumani Otto Lilienthal aliruka mara nyingi kutoka vilimani kwa mabawa ya kitambaa, akiyaongoza kwa kuutupa mwili wake huku na huku, na mwaka 1896 upepo ukamshinda akafa.

Waliofumbua fumbo hilo walikuwa ndugu wawili, mafundi wa baisikeli wa mji wa Dayton, Marekani, Wilbur na Orville Wright. Mwaka 1899 Wilbur alikuwa dukani ameshika kasha tupu la mpira wa baisikeli, akawa analisokota bila kufikiri, huku na huku, ncha moja juu na nyingine chini. Akaona: bawa likisokotwa hivyo, upande mmoja utainuka na mwingine utashuka, na ndege italala ubavu kama alalavyo kipanga anapozunguka. Tarehe 17 Disemba 1903 walipaa kwa muda wa sekunde 12, masafa ya mita 37 hivi. Wenye injini kubwa kuliko yao walikuwako. Wao walikuwa na kamba.

Nasi tuliosoma chuoni twajua kuwa Sura ya Al-Mulk yatuelekeza tuwatazame ndege walio juu yetu, wakunjuavyo mbawa na wakunjavyo. Nimeisoma sura hiyo tangu utotoni, na sikuwahi kujiuliza ndege hukunjaje, na kwa nini bawa hili halifanyi sawa na lile.

BAHARI ILITANGULIA

Kazi ya kutia kwa Kiswahili niliianza kwa hofu, nikidhani sitapata maneno. Kumbe maneno mengi yalikuwa yakinisubiri forodhani. Mwendesha ndege twamwita rubani, na rubani ni neno la Kiarabu la watu wa bahari: ndiye ajuaye njia na miamba. Aliyemtoa Vasco da Gama Malindi akamfikisha Bara Hindi mwaka 1498 alikuwa rubani, na hata leo meli haiingii Kilindini ila rubani amepanda. Ubao uliosimama mkiani mwa ndege, ule uigeuzao uso kushoto na kulia, ni usukani. Kigurudumu cha kupitishia kamba ni kapi. Hata chombo chenyewe tulikipa jina la kiumbe. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, Jeshi la Majini la Uingereza lilipokuwa na vituo vya ndege Kenya, kimoja kiliitwa Kipanga na kingine Korongo. Wageni walikuja na chuma, majina wakaazima kwetu.

Yaliyobaki tuliyatunga mimi na mpwa wangu. Vile vipande viwili vya nyuma ya mabawa, karibu na ncha, tuliviita vibawa. Ubao uliolala mkiani tuliuita kiinuzi. Ile ishikwayo na mkono wa rubani ni fimbo, na zikanyagwazo ni pedeli, kama za baisikeli.

Namna ya kazi yake ni hii. Ukiivuta fimbo kwako, kiinuzi huinuka, upepo hukikandamiza, mkia ukashuka na pua ikapanda. Ukiisukuma mbele, kinyume chake. Ukiilaza fimbo kushoto, kibawa cha kushoto huinuka na cha kulia hushuka, na ndege hulala upande wa kushoto. Marubani wana hila ya kukumbuka: shika fimbo, kidole gumba kikiwa juu, unapoilaza, kidole gumba chaelekea kwenye kibawa kilichoinuka. Kikielekea kwenye kilichoshuka, teremka, usiende popote.

Na baina ya mkono na kibawa kuna kebo. Wasomaji wangu, hii kebo msiidharau. Katika ndege ndogo unene wake ni milimita 3 hivi, nyembamba kuliko kalamu, lakini ndani yake mna nyuzi 133: misokoto 7, na kila msokoto una nyuzi 19. Yaweza kubeba kiasi cha kilo 900 kabla ya kukatika. Haikatiki kwa ghafula; huanza uzi mmoja, pale ipindapo kwenye kapi. Fundi hupitisha kitambaa juu yake polepole, na kitambaa kikinasa, basi uzi umekatika. Jicho halikuona, kitambaa kimeona.

Kila kitu hapo kina adabu yake. Bolti hutiwa kichwa kikiwa juu, ili nati ikifunguka na kuanguka, bolti ibaki mahali pake kwa uzito wake. Nati ya kiungo kizungukacho hupigwa pini isitoke. Ile skrubu ya kukazia kebo, yenye nyuzi za kulia ncha moja na za kushoto ncha nyingine, isiachwe ikionyesha nyuzi zaidi ya tatu nje, na ikishakazwa hufungwa kwa waya isijifungue yenyewe. Kebo ikiwa legelege, kibawa hutetema kama tanga lililokosa upepo, na mtetemo wa namna hiyo katika mwendo wa kasi hupasua bawa. Ikikazwa kupita kiasi, mkono wa rubani huchoka na kapi hulika. Na jua letu la Mombasa lina neno lake: mwili wa ndege ni wa alumini, kebo ni ya chuma, na alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Kwa hiyo kebo iliyo sawa alfajiri huwa imekazika adhuhuri, na huko juu penye baridi hulegea. Fundi wa pwani yampasa apime joto kabla ya kupima kebo, kisha aitazame chumvi, kwani chumvi haina likizo.

Haya yote niliyaandika, kurasa 14, kwa mwandiko mzuri. Nikajisifu moyoni. Nikampelekea mpwa wangu, naye akamwendea yule mzee Likoni, wakavuka kwa feri pamoja na mbao, kapi nne za mashua na mshipi wa kuvulia samaki badala ya kebo.

SIKU YA MEZA

Walijenga uani kwa dada yangu, kwa siku tatu. Mzee aliomba asomewe karatasi zangu kwa sauti, kifungu baada ya kifungu, na kila kifungu akakifanya. Siku ya tatu, baada ya alasiri, tukaitwa. Fimbo ilisimama katikati ya meza, mkia mwisho wake, vibawa viwili pembeni. Mpwa wangu akavuta fimbo, kiinuzi kikainuka. Akailaza kushoto, kibawa cha kushoto kikapanda na cha kulia kikashuka. Watoto wa jirani wakapiga makofi. Kisha akakanyaga pedeli ya kushoto, na usukani ukaenda kulia.

Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mimi pia nikatikisa. Tulikuwa wazee wawili wa bahari, tumeridhika pamoja.

Dada yangu alikuwa amesimama nyuma na sinia ya chai. Akauliza, "Kwani akikanyaga kushoto, hataki kwenda kushoto?"

Hakuna aliyejibu. Mpwa wangu akakanyaga tena. Usukani ukaenda kulia tena. Nikaziomba karatasi zangu nikafungua ukurasa wa 9, na hapo palikuwa na mwandiko wangu mzuri, bila ya kufutwafutwa: kanyaga kushoto, ubao wa usukani uende kulia.

Nitawaeleza ilivyokuwa, si kwa kujitetea. Mimi nilifundishwa kushika kana ya dau kabla sijajua kusoma. Na mwenye kushika kana ajua kwamba ukiisukuma kushoto, ubao wa usukani ulio majini huenda kulia, na dau hugeuka kulia. Mkono na omo huenda kinyume. Jambo hilo limenikaa mwilini hata silifikirii. Nilipofika kwenye pedeli, kalamu iliandika habari za kana. Mzee wa Likoni aliposomewa, mwili wake nao ukasema ndivyo, kwa sababu ile ile. Wala si sisi tu: katika meli za Waingereza amri za usukani zilitolewa kwa kuifuata kana mpaka miaka ya 1930, nahodha akisema kulia na meli ikaenda kushoto. Bahari iliyonipa maneno ndiyo iliyonikosesha. Katika ndege, mguu wa kushoto huvuta kamba ya kushoto, usukani huenda kushoto, na pua hufuata.

Kama ingekuwa ndege na si meza, rubani anakimbia njiani, upepo wa kusi wamsukuma kulia, akanyaga kushoto ajirudishe, naye azidi kwenda kulia. Akizidi kukanyaga, azidi kupotea. Adui hapo si upepo, ni mguu wake mwenyewe.

WALIOJUA KULIKO SISI

Mpwa wangu, kwa kunifariji, aliniletea visa viwili, nami navileta kwenu kwani vimethibiti. Tarehe 23 Agosti 1947, huko Woodford nchini Uingereza, ndege ya majaribio iitwayo Avro Tudor, jina sawa na la mtaa wetu wa Tudor, iliondoka ardhini, ikalaza bawa moja, ikaanguka. Kamba za vibawa zilikuwa zimefungwa kinyume: rubani alipotaka kuliinua bawa lililoshuka, alizidi kulishusha. Alikufa rubani Bill Thorn, na pamoja naye akafa Roy Chadwick, ambaye ndiye aliyesanifu ndege hiyo, na kabla yake alisanifu Lancaster, iliyovuma sana vitani. Aliyeijua ndege hiyo kuliko watu wote alikuwamo ndani.

Mtasema hayo ni ya zamani. Tarehe 11 Novemba 2018, ndege aina ya Embraer ya shirika la Kazakhstan ilitoka matengenezoni karibu na Lisbon, Ureno, ikiwa na watu sita. Mara tu ilipopaa ikawa haitii. Kebo za vibawa zilikuwa zimegeuzwa. Marubani walipambana nayo zaidi ya saa nzima, wakijifunza upya kuruka katika chombo kilichopindua maana ya mikono yao, hata wakaweza kuitua Beja wakiwa hai. Ndege ya kisasa, yenye kompyuta, katika karne hii yetu.

Ndipo nikaielewa kanuni ya mafundi wa ndege, kwamba kamba za kuongozea zikishafunguliwa na kufungwa tena, hazikaguliwi na aliyezifunga peke yake. Huja mwingine, ambaye mkono wake haukuwamo katika kazi, akatazama upya. Na rubani, kabla ya kuondoka, huvuta, husukuma, hulaza na hukanyaga, akitazama kila kibawa kwa macho yake. Haitoshi kuwa vyaenda kwa wepesi. Lazima viende upande utakiwao. Meza yetu ilikwenda kwa wepesi mno.

Kanuni hii sikuwa mgeni nayo, ila niliisahau. Chuoni, kabla ya kumwendea maalim na ubao, tulikuwa tukisikilizana. Ulimsomea mwenzako naye akakusomea, kwani msomaji kosa lake halisikii. Ulimi hurudia ulichokizoea, na nukta moja ikihama, maana imehama. Maalim alikuwa akisema mwenye kujisikiliza peke yake hajasikilizwa. Miaka arobaini na zaidi imepita, nami nimeandika kurasa 14 za kuwaongoza watu angani bila ya kumsomea mtu hata moja.

Ukurasa wa 9 niliuandika upya usiku ule ule. Chini yake nikachora mistari miwili, mmoja wa jina la mwandishi na mmoja wa jina la msomaji, na kila ukurasa sasa una mistari hiyo. Mzee alizifungua kamba za pedeli akazifunga sawa, akicheka: "Bwana, miaka hamsini nimeunda madau, leo nimefundishwa na mwenye sinia."

Ama dada yangu, hakucheka. Alimwambia mwanawe maneno ambayo mimi sikutazamia kuyasikia: "Jenga. Lakini kila ukifunga kamba, niite nije nitazame." Kijana akamweleza kwamba itakapokuwa ndege ya kweli mkaguzi atakuwa mhandisi mwenye leseni, na kwamba hapa Kenya hakuna kiondokacho ardhini bila idhini ya mamlaka ya usafiri wa anga, KCAA. "Na aje huyo mhandisi," akasema, "mimi nitakuwa wa tatu."

Sijui kama ndege hiyo itapata kununuliwa. Fedha za malori ni za malori. Meza ingali uani, na jana nilimkuta dada yangu peke yake, amekaa mbele ya fimbo, ailaza kushoto, ailaza kulia, atazama. Sikumsemesha. Nilirudi barazani nikaandika beti hii moja, na safari hii nilimsomea mtu kabla ya kuileta kwenu:

Usukani usukani, ndio roho ya safari,
Baharini na angani, kamba ikazwe vizuri,
Mwite mwenzako pembeni, akague kwa hadhari,
Aliyeko mawinguni, hapati tena shauri.